Kompyuta ya Nyumbani: Tuchague Eneokazi Gani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Siku iliyofuata watu wengi hawakuona tofauti yoyote. Kompyuta iliwaka kama jana, watoto wakafanya kazi ya shule, baba akasoma gazeti. Lakini nyumba ilikuwa imebaki bila mlinzi. Mlango upo, kufuli ipo, ila mwizi akigundua upenyo mpya hakuna wa kuuziba.

Tangu hapo familia nyingi zinauliza, "Sasa tununue nyingine?" Windows 11 ina masharti yake. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8. Kompyuta nyingi za ex-UK tunazonunua Luthuli Avenue na Moi Avenue, zile Dell OptiPlex, HP na Lenovo ThinkCentre za miaka ya nyuma, hazifiki hapo. Kwa watu binafsi wenye Windows 10, Microsoft ilifungua nafasi ya kujiandikisha na kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Hiyo ni ahueni ya muda, si dawa.

Kwa mzazi ambaye karo ya muhula haijakamilika, kompyuta mpya si jambo dogo. Wengine wanafikiria kukopa kwenye chama au SACCO. Wengine wanamwita fundi awawekee Windows ya kuibwa, ile inayofunguliwa kwa programu za ujanja. Njia hii ya pili tusiifuate. Kwanza amri ya saba inasema usiibe, na haikusema usiibe vitu vya kushikika tu. Pili, programu hizo za ujanja mara nyingi huja zimebeba virusi ndani yake.

Kabla ya kukopa, ujue kuna njia ya tatu: kuweka mfumo endeshi wa Linux, ambao ni wa bure na wa halali, juu ya kompyuta ileile. Shida inayowasumbua wengi hapo ni kwamba Linux haina sura moja. Fundi anakuuliza, "Unataka GNOME, KDE, Xfce, Cinnamon?" na wewe unabaki unamtazama. Makala hii ni ya kukusaidia kumjibu.

ENEOKAZI NI NINI?

Fikiria matatu. Mwenye gari ananunua chesisi yenye injini, tuseme ya Isuzu, kisha anaipeleka kwa mafundi wa bodi. Mmoja anamjengea bodi ya kawaida, viti thelathini na tatu, basi. Mwingine anamjengea nganya yenye taa za rangi, runinga na muziki wa kutikisa vioo. Injini ni ileile. Lakini abiria anaona bodi, anakalia kiti, anashika chuma cha bodi. Na nganya, kwa mizigo yake yote, injini inaisikia.

Linux ndiyo chesisi na injini. Eneokazi ndiyo bodi. Ni ile sehemu unayoiona kompyuta ikishawaka: menyu ya kufungulia programu, madirisha na vitufe vya kuyafunga, mahali pa saa, folda za faili, mpangilio wa rangi na maandishi. Mafundi wengi huita desktopu. Kwenye Windows unapewa bodi moja na kampuni, umalize. Kwenye Linux unachagua mwenyewe, na ukichoka nayo unabadilisha bila kuuza gari.

Kwa hiyo swali halifai kuwa "Ipi nzuri zaidi?" Swali ni hili: ipi inaifaa mashine hii, na watu wa nyumba hii? Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tumezoea njia ya Ona, Amua, Tenda, ambayo Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi, na Papa Yohane XXIII akaipendekeza mwaka 1961 katika waraka wa Mater et Magistra. Njia hiyo inafaa hata hapa.

ONA: MASHINE NA WATU

Anza na mashine. Kama bado ina Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Utaona jina la prosesa na kiasi cha kumbukumbu, ile mafundi huita RAM. Andika pembeni: ni GB 2, 4 au 8? Tazama pia diski. Je, ni ile ya zamani inayozunguka, au ni SSD? Hapa kuna siri ambayo wauzaji wengine hawakuambii. Kompyuta kuukuu inayokokota miguu mara nyingi shida yake ni diski ya kuzunguka. Ukibadilisha hiyo tu ukaweka SSD ndogo, utadhani umenunua kompyuta nyingine, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompyuta mpya.

Kisha tazama watu. Hapo ndipo wengi wanaruka. Chukua daftari, uandike kila mtu wa nyumba anayegusa kompyuta hiyo na anachofanyia. Tuchukue mfano. Ofisi moja hapa Hurlingham, karibu na Argwings Kodhek Road, imebadilisha vifaa vyake, na mlinzi wa usiku amepewa kompyuta moja kuukuu. Amepanda matatu nayo hadi Kawangware, amepakata mapajani kama mtoto. Nyumbani kuna mke wake anayetunza hesabu za chama, binti wa kidato cha tatu, mvulana wa darasa la tano, na nyanya aliyekuja kutibiwa macho. Mke anataka karatasi ya hesabu na kuingia eCitizen. Binti anataka kuandika insha na kusoma masomo ya KICD kwenye intaneti. Mvulana anataka michezo. Nyanya anataka kuona picha za wajukuu walio ughaibuni na kusikiliza rozari.

Hawa watu wanne si mtu mmoja. Kijana wa mtaa akija akawawekea eneokazi analolipenda yeye, lenye madoido ya kila aina, atakuwa amejipikia yeye chakula katika jiko la wengine.

AMUA: MAENEOKAZI SITA

Yako mengi kuliko haya, lakini haya sita ndiyo utakayokutana nayo zaidi.

1. Cinnamon. Hili lilianzishwa na watu wa Linux Mint, na lina menyu chini kushoto, saa chini kulia, na mstari wa programu zilizofunguliwa. Aliyezoea Windows 7 au Windows 10 atajisikia nyumbani dakika ya kwanza. Linux Mint yenyewe inasema inahitaji kumbukumbu ya GB 2, ila GB 4 ndiyo ya kukaa kwa raha. Kwa familia ya kawaida inayotoka Windows, mimi huwaambia waanzie hapa.

2. Xfce. Lilianzishwa mwaka 1996 na Mfaransa Olivier Fourdan, na alama yake ni panya. Panya huyo anastahili, kwani ni mdogo, mwepesi na hana makuu. Linaonekana la kizamani kidogo, lakini kompyuta yenye GB 2 hadi 4 italishukuru. Tena halibadilikibadiliki. Ulichojifunza mwaka huu utakikuta mwaka ujao mahali palepale. Kwa mtu mzima anayejifunza polepole, hilo ni jambo kubwa kuliko urembo.

3. MATE. Jina lake linatokana na majani ya kinywaji kama chai kinachonywewa sana Argentina. Lilizaliwa mwaka 2011, watu walipochukizwa na mabadiliko makubwa ya GNOME wakaamua kuiendeleza ile ya zamani. Lipo katikati: jepesi kuliko Cinnamon, limekamilika kidogo kuliko Xfce.

4. LXQt. Hili ndilo jepesi zaidi kati ya haya sita, na ndilo linalotumiwa na Lubuntu. Litumie mashine ikiwa dhaifu kweli. Lakini usidanganyike. Eneokazi jepesi haliwezi kuufanya ukurasa wa intaneti kuwa mwepesi. Ukifungua kurasa kumi kwa pamoja kwenye GB 2, kompyuta itakwama hata ukiwa na bodi ya makuti.

5. GNOME. Lilianzishwa mwaka 1997 na Wameksiko wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena. Ubuntu ya kawaida huja nalo. Ubuntu nayo ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno letu sisi Wabantu, utu. GNOME ni safi, lina vitu vichache machoni, na lina msomaji wa skrini aitwaye Orca kwa wasioona. Lakini halifanani na Windows, na linataka mashine yenye nguvu. Mimi silishauri chini ya GB 8.

6. KDE Plasma. Lilianzishwa na mwanafunzi Mjerumani, Matthias Ettrich, mwaka 1996. Hapa unaweza kubadilisha karibu kila kitu: rangi, mahali pa menyu, umbo la vitufe. Kijana anayependa kuchokonoa atafurahi sana. Lakini kwa kompyuta inayotumiwa na watu wanne, wingi wa vitufe una hatari yake. Mtoto anahamisha menyu Jumamosi, mama anaitafuta Jumatatu. Ukilichagua, kila mtu awe na akaunti yake.

Kwa kifupi: mashine ya GB 2, LXQt au Xfce. Mashine ya GB 4, Xfce, MATE au Cinnamon. Mashine ya GB 8 na zaidi, chagua lolote, mkiangalia watu badala ya mashine. Kompyuta za kale kabisa za biti 32 zina shida ya pekee, kwani mifumo mingi, hata Ubuntu na Debian mpya, imeacha kuzihudumia. Ukiletewa ya namna hiyo kama zawadi, shukuru, lakini usiingie gharama juu yake.

Na Kiswahili je? Wengi wananiuliza. Kazi imefanyika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lakini tafsiri za maeneokazi bado ni nusunusu. Utakuta menyu moja ya Kiswahili na inayofuata ya Kiingereza. Kwa hiyo nyumba nyingi zitatumia Kiingereza kwenye menyu, huku wakiandika Kiswahili kwenye barua zao. Kwa asiyeona kuna habari njema, kwa sababu sauti ya eSpeak NG inayotumiwa na Orca inaweza kusoma maandishi ya Kiswahili. Matamshi yake ni ya roboti, lakini yanaeleweka.

JAMBO AMBALO WENGI HAWALIJUI

Si lazima familia nzima ifungwe nira moja. Kwenye Linux unaweza kuweka maeneokazi mawili katika kompyuta moja. Unapoandika neno la siri la kuingia, tafuta alama ndogo, mara nyingi ya gurudumu lenye meno. Ukiibonyeza utaona orodha ya maeneokazi yaliyomo, uchague lako. Kompyuta hukumbuka, na kesho hukuingiza hapohapo.

Kwa hiyo ile familia ya Kawangware inaweza kufanya hivi: Cinnamon kwa mama na binti, na Xfce kwa nyanya, maandishi yamekuzwa na alama tatu tu zimewekwa kwenye skrini: picha, rozari, na simu ya video. Mvulana naye awe na akaunti isiyo na ruhusa ya kuweka wala kufuta programu, na neno la siri la msimamizi libaki kwa wazazi. Ila msizidishe. Ukichanganya GNOME na KDE pamoja, kila moja huja na programu zake za picha, za faili na za maandishi, na menyu inajaa vitu pacha hadi mtu anapotea.

TENDA: HATUA KWA HATUA

Kwanza, weka nakala ya akiba. Picha, vyeti, barua, hesabu za chama, vyote vinakiliwe kwenye diski ya nje au flashi, na ufungue faili chache kuhakikisha zimenakiliwa kweli. Hatua hii usimwachie fundi. Kuweka Linux juu ya diski nzima hufuta kila kilichokuwemo.

Pili, pata mfumo. Linux Mint ni faili moja ya karibu GB 3, na bando la simu litalia. Pakua mahali penye Wi-Fi, au ushirikiane na majirani, kwa kuwa flashi moja ya GB 8 inaweza kuhudumia jumuiya nzima, na sheria inaruhusu. Kijana yeyote mwenye uzoefu kidogo anaweza kuiandika faili hiyo kwenye flashi kwa programu kama Rufus.

Tatu, jaribu kabla ya kuweka. Hili ndilo zuri kuliko yote. Chomeka flashi, zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, kisha chagua flashi. Linux itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Itakuwa ya polepole kidogo, lakini utaona mengi: je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa inatambulika? Waite wote walioandikwa kwenye daftari, hata nyanya, kila mmoja akae dakika kumi afanye kazi yake halisi. Anayekwama mara tatu mahali pamoja anakuambia kitu. Msikilize, kisha jaribuni eneokazi lingine.

Nne, pima kazi zinazohitaji Windows. Microsoft Office ya kuwekwa kwenye kompyuta haikai kwenye Linux. Kuna LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa wakati mwingine huyumba. eCitizen na barua pepe hufunguliwa kwenye kivinjari, kwa hiyo hakuna shida. Lakini mwenye kujaza marejesho ya kodi ya KRA kwa ile karatasi ya Excel, au mwenye programu ya uhasibu ya Windows, ahakikishe kwanza, na asingoje tarehe 30 Juni. Diski ikiwa na nafasi, unaweza kubaki na Windows pembeni kwa kazi hiyo moja.

Tano, ukishaweka, ruhusu masasisho. Hii ndiyo sababu tulianza safari. Linux isiyosasishwa nayo ni nyumba isiyo na mlinzi.

NENO KWA WENYE KUTOA

Wengi wetu katika eneo hili tunafanya kazi katika ofisi, zahanati na mashirika ambayo kila baada ya miaka michache hubadilisha kompyuta. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha ubaya wa utamaduni wa kutupa, ambao hutupa vitu na mwisho hutupa watu. Kompyuta yenye GB 4 iliyokataliwa na Windows 11 bado ina miaka ya kazi ndani yake. Iko pia Computers for Schools Kenya, iliyoanza mwaka 2002, ambayo hupokea kompyuta zilizotumika na kuzitengeneza kwa ajili ya shule.

Ila tunapotoa, tutoe kwa heshima. Futeni kwanza data za wagonjwa, wateja na wafanyakazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai hivyo, na dhamiri pia. Kisha wekeni mfumo unaofanya kazi, mkae na anayepokea saa moja mkimwonyesha. Kumpa mlinzi kompyuta ambayo hataweza kuitumia ni kumhamishia takataka zetu Kawangware, na nauli juu yake.

Eneokazi ni chombo tu. Lakini chombo kikiwa kigumu, huamua nani nyumbani atakitumia na nani atabaki anachungulia mlangoni. Mara nyingi anayebaki mlangoni ni mama au mzee. Tukimchagulia yeye kwanza, wengine hawatakosa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Nyumbani kwetu nani hutumia kompyuta zaidi, na nani haigusi kabisa? Kwa nini?
2. Katika jumuiya yetu, nani ana ujuzi wa kuweka Linux, na anaweza kuwasaidia majirani Jumamosi moja kwa mwezi?
3. Ofisi tunazofanyia kazi hupeleka wapi kompyuta za zamani? Tunaweza kuomba nini?
4. Kabla ya kukopa ili kununua kompyuta mpya, tumeijaribu ile ya zamani kwa flashi?